Kulilia Chakula si Uroho

Jumatatu ya wiki iliyopita nimelisikia tena lile neno "mroho", na mara hii limenikera. Kijana kamleta babake kuoshwa damu kwa mashine, yaani dialisisi. Mzee yuko kwenye kiti cha magurudumu, kofia kaivuta hadi kwenye nyusi, na kijana ananisimulia mambo ya mzee pale pale mbele yake kana kwamba hasikii: "Dakitari, baba siku hizi amekuwa mroho. Jana kalia kwa sababu ya papa." Mimi si daktari, nimesomea lishe. Ila Malindi ukivaa koti jeupe umeshapewa udaktari, na kukataa ni kupoteza wakati.

Mzee ni mvuvi wa upande wa Ngomeni. Papa mkavu amemla tangu hajaota meno ya pili. Figo ziliposimama nilimwandikia orodha mimi mwenyewe, na papa wa chumvi yuko juu kabisa kwenye "usile". Jana yake nyumbani walipika papa wa nazi, harufu ikajaa ua mzima. Yeye akaletewa kibakuli cha wali mweupe na kipande cha kuku wa kuchemsha, akala peke yake chumbani, mlango umerudishwa. Hapo ndipo alipolia, na hapo ndipo mwanawe alipompa jina la mroho.

"Kulilia chakula ni uroho"

Hii ndiyo dhana ninayoichukia kuliko zote, na ina majina mengi. Wengine huita kudeka. Wengine huita utoto, au kukosa subira. Wanaojifanya wacha Mungu kuliko wagonjwa wenyewe husema imani imepungua.

Tuanze na mwili. Figo zikishindwa, taka zinazobaki kwenye damu huharibu ladha mdomoni. Wagonjwa wengi husikia ladha ya chuma, kama mtu aliyebana sarafu chini ya ulimi, na nyama au samaki aliyekuwa mtamu huanza kumnukia. Kwa hiyo huyo kuku wa kuchemsha, asiye na ndimu wala kitunguu saumu, ndiye chakula kigumu kuliko vyote kwake. Ndiye mnayempelekea kila siku, halafu akikiacha mnasema ana hasira.

Kiu nayo ni hivyo hivyo. Chumvi ikizidi kwenye damu, ubongo huamuru maji, na amri hiyo haisikilizi mawaidha. Utakuta familia inapika mchuzi kwa unga wa pakiti, inatia magadi kwenye mboga ziive haraka, kisha inamhesabia mgonjwa glasi za maji na kumwambia avumilie. Huko ni kumtesa mtu. Magadi ni sodiamu ile ile ya chumvi, hata kama ulimi hauioni. Ondoeni chumvi na magadi kwanza, kiu itashuka, ndipo mzungumze habari ya subira.

Hayo ya mwili nayaeleza kila siku na watu hunielewa. Kuna jambo la pili ambalo hawanielewi, nalo ni sinia.

Kwetu watu hukaa kwenye mkeka, sinia moja, mikono mitano au sita, na aliye mkubwa husukuma kipande kizuri mbele ya mtoto au mgeni. Mgonjwa anapotolewa hapo na kuwekewa sahani yake pembeni, kitu anachokosa si papa peke yake. Amenyang'anywa ile kazi ya kusukuma kipande. Nina mgonjwa mwingine, mama wa Mambrui, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akipikia watu harusi. Sufuria ya biriani haikufunikwa mpaka yeye aonje chumvi. Alipougua wakamwambia, "Wewe kaa, usiingie jikoni, utajidhuru." Alikaa kwangu nusu saa analia, na biriani hakuitaja hata mara moja. Alichokitaja ni kuitwa aonje. Nikawaita mabinti zake nikawaambia tone la mchuzi kwenye kiganja halijamuua mgonjwa wa figo yeyote, mwiteni. Siku hizi huitwa, na wakizidisha chumvi huwagombeza kuliko mimi.

Mtu akiaibishwa anaendelea kula, ila kwa kuiba. Mizani yetu huwafichua: lita moja ya maji ni kilo moja, na mtu akiondoka Jumatatu akarudi Alhamisi ameongeza kilo nne, hizo hazikutokana na wali. Ukimuuliza anaapa. Baadaye, ukikaa naye vizuri, anakwambia alikunywa bombani usiku wenyewe wamelala, au alikula ndizi tatu nyuma ya nyumba. Hapo ndipo neno "mroho" linapogeuka hatari. Ndizi zina potasiamu, madini ambayo yakipanda sana kwenye damu huvuruga mapigo ya moyo, na moyo unaweza kusimama bila dalili ya kutangulia. Nikijua mtu amekula ndizi tatu, damu itapimwa na daktari anaweza kumrudisha kwenye mashine mapema. Asiponiambia kwa kuwa anaogopa kutukanwa, sina la kufanya.

Na kuna wale ambao machozi si ya papa tena. Karibu robo ya watu walio kwenye dialisisi wana sonona, ugonjwa wa huzuni isiyoisha, na sonona ina tiba. Mgonjwa wenu akipoteza usingizi, akikataa wageni, akikosa hamu hata ya vile anavyoruhusiwa, na hali hiyo ikapita wiki mbili, mleteni na mseme hivyo. Msiniletee habari ya hasira.

Sasa dawa yangu, na wenzangu kazini wamechoka kuisikia. Namwomba mgonjwa anitajie vyakula vitatu anavyovikumbuka zaidi. Vitatu tu. Mara nyingi kimoja kinarudi kama kilivyo, kimoja kinarudi kwa kubadilishwa, na kimoja hakirudi. Nasema hivyo hivyo bila kuzunguka, kwa sababu mtu aliyefiwa huambiwa amefiwa. Mzee wangu alitaja papa, madafu na kahawa chungu. Kahawa, kikombe kimoja kidogo, ikarudi. Madafu hayarudi. Badala ya papa wa chumvi nikampa kolekole mbichi wa kupaka: ndimu, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili, bizari, na tui jepesi kidogo, bila kasimile, lile tui zito. Haikuwa papa, na mzee alinieleza hivyo bila kunionea haya.

Ila sharti langu lilikuwa sinia. Chungu kimoja, kipikwe bila chumvi, na chumvi iwe kwenye kisahani kando, anayeitaka ajitilie upande wake. Kijana akanijibu, "Watu watakula chapwa?" Nikamuuliza nyumbani nani ana presha. Mamake. Nani ana sukari. Ami yake. Presha na sukari ndizo zinazoharibu figo za watu wengi zaidi duniani, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kijiko kimoja cha chai, chakula chote pamoja. Nyumba nzima ilihitaji chapwa hiyo kabla mzee hajaugua.

"Nyama na samaki ni mwiko kwake"

Hili lina asili ya kweli. Kabla ya kuanza dialisisi, daktari huweza kupunguza protini ili figo zilizobaki zipumzike. Mtu akishaanza kuoshwa damu hesabu inageuka, kwa sababu kila awamu hupoteza protini. Sasa anahitaji gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 60 anahitaji kati ya gramu 60 na 72, na kipande cha samaki kinachotosha kiganja kina kama 20. Nawaona wagonjwa wanaoogopa kila kitu, wanaishi kwa chai ya rangi na mkate, mikono imekonda, na jamaa wanawasifu kwa kushika masharti. Hao nawahofia kuliko walaji wa kuiba.

Lawama nyingine ni yetu. Karatasi niliyompa yule mvuvi ilikuwa na "usile" zaidi ya ishirini na "kula" nne. Nimeichana. Mpya inaanza na wali mweupe, chapati isiyo na chumvi, samaki mbichi, yai, kabichi, nanasi. Muhogo na viazi vimo pia, vikikatwa vidogo na kuchemshwa kwa maji mengi, maji yakamwagwa, vikachemshwa tena kwa maji mapya. Sehemu kubwa ya potasiamu huenda na maji hayo, kwa hiyo tafadhali msiyafanye mchuzi.

"Madafu husafisha figo"

Kwa mwenye figo nzima, sawa, anywe. Kwa mgonjwa wa figo, kila mililita 100 za madafu zina zaidi ya miligramu 200 za potasiamu. Dafu moja kubwa linaweza kumpa theluthi ya kiwango chake cha siku nzima, na maji yake yanahesabiwa pia. Najua ni machungu kupita barabarani Malindi kila hatua mia kuna mkokoteni wa madafu. Pita upande wa pili.

"Ale tu, mashine itatoa"

Mashine hutoa, lakini muulize mgonjwa aliyetolewa lita nne kwa saa nne. Misuli hukaza hadi akapiga kelele, presha hushuka, na kesho yake hawezi kunyanyuka kitandani. Wenye kusema hivi wengi ni wageni wanaokuja na sambusa.

"Chumvi ya wagonjwa haina neno"

Ile ya kopo yenye sodiamu kidogo mara nyingi imejazwa potasiamu badala yake. Kwa mwenye presha peke yake huenda ikafaa. Kwa mwenye figo, itupeni.

"Nimevunja leo, basi nimeshaharibu"

Hii huwa ya wagonjwa wenyewe, hasa baada ya harusi. Kula pilau sahani moja ni kosa la sahani moja. Kinachowamaliza ni siku tatu zinazofuata, mtu amejikatia tamaa, anakula kila kilichokatazwa kwa kuwa "tayari nimeshaharibu". Nipigie simu usiku huo huo, niambie umekula nini na kiasi gani. Sitakugombeza. Wanaonijua watacheka hapa, lakini wagonjwa siwagombezi, nagombeza jamaa zao.

"Asiyefunga Ramadhani amejitoa"

Mgonjwa ameruhusiwa kula ndani ya Kurani yenyewe, na asiyetarajia kupona hutoa fidya, amlishe maskini kwa kila siku. Masheikh wanalieleza vizuri kuniliko. Ninachokiona mimi ni mgonjwa anayejificha jikoni mchana na chapati yake, na magharibi anaogopa kukaa kwenye futari kwa sababu "sikufunga". Akae. Kama fidya yake ni ya chakula, aipakue kwa mkono wake mwenyewe, isiwe bahasha tu inayotumwa na mtoto. Futari ya Pwani ni ngumu kwake, nakiri: tende, viazi vitamu vya nazi, muhogo, mbaazi, vyote vina potasiamu. Tende wanataka ziwe witiri, tatu, tano, saba. Nawakumbusha kwamba witiri huanzia moja.

Kimebaki kikombe. Asiyekojoa kabisa, maji yake ya siku huwa karibu nusu lita hadi robo tatu, kadiri daktari alivyompangia, pamoja na uji, mchuzi, barafu na yale ya kumezea dawa. Ukimpa glasi kubwa anaimaliza kwa mara mbili na siku bado ndefu. Mimi nawapa kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono. Changu kinaingia mililita 60, kwa hiyo nusu lita ni vikombe vinane, na mtu anaweza kunywa kila baada ya saa mbili akiwa na kitu mkononi kama watu wengine barazani. Katikati asukutue mdomo na kutema, au atafune hiliki.

Mzee alikitazama akatabasamu mara ya kwanza tangu nimjue. Alhamisi akaja na cha kwake kutoka nyumbani, chenye ufa. Nikakipima kwa sirinji: mililita 55. Akanitaka nimwongezee kikombe cha tisa, na hesabu ilikuwa upande wake.