Usambara si volkano, jamani

Juzi tena, Soni, huku milimani Usambara. Mzee anayetaka kuchimbiwa kisima kaniuliza kabla hata sijashusha vyombo: "Injinia, tukienda chini sana si tutakuta moto?" Nimeshaisikia Bumbuli, nikaisikia Mlalo, na kibaya zaidi nimeisikia kwa mwalimu wa jiografia. Eti Usambara ni mdogo wake Kilimanjaro, volkano iliyolala.

Hapana. Kilimanjaro imerundikwa kwa lava, tabaka juu ya tabaka, kazi iliyoanza miaka kama milioni 2.5 iliyopita. Miamba ya Usambara ilipikwa miaka milioni 600 na ushei iliyopita, mabara yalipogongana, ikiwa imefukiwa zaidi ya kilomita 25 chini. Haikumwagika kama uji. Iligandamizwa na kuchomwa mpaka ikageuka, ndiyo maana tunaiita miamba geu. Mlima wenyewe ulikuja baadaye sana: ardhi ilikatika kwenye nyufa kubwa, kipande kimoja kikainuka, cha jirani kikashuka. Ukitoka Mombo, kwenye mita 400 hivi, ukazipanda zile kona hadi Lushoto, mita 1,400, unapanda ukingo wa kipande kilichoinuka. Bonde la Lwengera, linalotenga Usambara Magharibi na Mashariki, ni kilichoshuka.

Mzee hakuridhika. Nikaokota jiwe kando ya barabara, nikalipasua kwa nyundo: mistari myeupe na myeusi kama ya mkeka, mika inametameta, na punje nyekundu za ganeti mithili ya komamanga. Lava haina sura hiyo. Mara nyingi ni nyeusi tupu, yenye vitundu vilivyoachwa na gesi. Kila nyumba huku ina jiwe la kuzuia mlango. Lipasue kwanza ndipo uje kunibishia.

Naling'ang'ania jambo hili kwa sababu linakula pesa za watu. Kwenye miamba hii maji hukaa katika tabaka la juu lililooza na kwenye nyufa, kwa hiyo cha muhimu ni mahali unapochimba kuliko urefu wa kisima. Mwingine alikataa kabisa kuchimba, akihofia floridi, ile chumvi ya majini inayoharibu meno ikizidi, kama ya kuzunguka Mlima Meru. Floridi ya kule imetokana na miamba ya volkano, ambayo yeye hana. Pima hata hivyo. Mimi sikabidhi kisima bila karatasi ya maabara, na anayeona ni gharama atafute fundi mwingine.

Udongo mwekundu nao si majivu ya volkano. Ni mwamba uliooza kwa mvua za miaka mingi, chuma chake kikashika kutu. Na zile punje nyekundu si rubi, msinitumie picha usiku.

Halafu kuna Amboni, kule karibu na Tanga: eti ukiingia kwenye mapango yake unaweza kutokeza Kilimanjaro. Yale yamechimbwa na maji ndani ya mawe ya chokaa yaliyotuama baharini enzi za Jurasiki, zama za dinosaria, na ukanda huo wa chokaa ni mwembamba, uko pwani tu. Ukielekea bara unakutana na miamba geu, ambayo maji hayawezi kuiyeyusha hivyo. Sijui hiyo njia ingepitia wapi.

Kisima cha yule mzee kilitoa maji kwenye mita 52, ya baridi. Akayaonja, akatikisa kichwa, akasema basi moto uko chini zaidi.