Sweta la kuvalia kichwani kuligeuza la vifungo: hesabu iko katikati

Watu wa Mtwara mjini hunicheka nikisema nafuma masweta. Nani avae sweta kwenye joto lile? Nawaambia wapande huku Newala mwezi wa sita, waamke saa kumi na mbili asubuhi kusi inapovuma, wasimame pale Shimo la Mungu wakiangalia bonde la Ruvuma lililojaa ukungu. Watatafuta sweta wenyewe. Ila ubishi wao una ukweli kidogo, maana hata huku kwetu, saa tano ikifika jua limeshatoka na mtu anataka kulivua. Ndiyo sababu maombi mengi ninayopata siku hizi ni ya sweta la kufungua mbele.

Mwaka huu alikuja mwalimu mmoja na pateni (maelekezo ya kufuma) aliyoipenda, sweta la kuvalia kichwani lenye msuko mkubwa katikati ya kifua. Akaniambia, "Fundi, nataka hilihili, lakini lisipite kichwani. Kila nikivua sweta mtandio unatoka, pini zinaanguka, na wanafunzi wananitazama." Mama anayenyonyesha atakwambia hivyohivyo, na aliyetoka kusukwa jana pia. Basi nikamwambia aniachie pateni na vipimo vyake. Leo naeleza nilivyofanya, kwa sababu naona wenzangu wengi wanaojifunza kufuma wanadhani kazi hii ni kugawa sehemu ya mbele mara mbili tu, mambo yakaisha.

Hayaishi. Nami nilidhani hivyo nilipoanza.

Pateni ya mwalimu ilitaka stichi (vitanzi vya uzi kwenye sindano) 20 na mistari 28 kwa kila sentimita 10. Mgongo stichi 100, mbele stichi 100, yaani nusu mita kila upande. Ukigawa mbele utapata 50 na 50. Kisha lazima uweke mkanda wa vifungo kila upande, kwa sababu ukingo mtupu wa sweta hujikunja kuelekea ndani na hauna nguvu ya kushika kifungo. Sema mkanda wako una upana wa sentimita 3. Unaweka mmoja kulia, mmoja kushoto, unafunga vifungo. Mikanda hiyo miwili inalaliana, mmoja juu ya mwingine, kwa hiyo pale katikati inachukua sentimita 3 tu, si 6. Lakini hizo 3 hukuzipunguza popote! Sweta limenenepa mbele, na shingo nayo imepanuka kwa kiasi hichohicho, inalegea kama mdomo wa kikapu.

Kwa hiyo kwanza toa nafasi ya mkanda, mara moja tu. Sentimita 3 kwa kipimo chetu ni stichi 6. Mia ukitoa 6 zinabaki 94. Gawa mara mbili: 47. Halafu ongeza stichi 1 kila upande, ile ya ukingoni utakayoimeza unapookota stichi za mkanda, yaani unapovuta vitanzi vipya kwenye ukingo wa kipande. Kila kipande cha mbele kinaanza na stichi 48. Mgongo usiuguse, wala mikono. Ukishaelewa hapo, kilichobaki ni uvumilivu.

Sasa kwapa. Pateni ilisema funga stichi 5 (zimalize, zisiendelee kufumwa), kisha punguza 7 moja moja, jumla 12 kila upande. Kwenye sweta la kawaida zinabaki 76 mbele: bega 22, shingo 32, bega 22. Kipande chetu cha 48 kina kwapa moja tu, kwa hiyo kinabaki na 36. Bega ni 22 vilevile, maana lazima likutane na bega la mgongo. Zinazobaki 14 ni za shingo. Zithibitishe: 14 ukitoa ile 1 ya ukingo ni 13, mara mbili ni 26, jumlisha 6 za mkanda ni 32. Imerudi kwenye shingo ya pateni. Isiporudi usianze kufuma, maana kuna mahali umekosea.

Shingo yenyewe pateni iliifunga stichi 16 katikati, kisha ikapunguza 8 kila upande. Zile 16 ndizo zinazobeba mkanda: toa 6, zinabaki 10, kila kipande 5, ongeza 1 ya ukingo. Basi unafunga 6 kwenye ukingo wa mbele, unapunguza 8 kama ilivyoandikwa. Kumi na nne zako hizo.

Hesabu hii yote naifanya kwenye karatasi kabla sijagusa uzi. Mteja akiniona naandika huniuliza, "Fundi, mbona hufumi?"

Kosa langu la kwanza kwenye sweta la vifungo halikuwa hata la hesabu. Nilifuma kipande cha mbele, kikapendeza, nikasoma pateni upya na kufuma cha pili kwa maelekezo yaleyale. Nikaviweka juu ya meza, nikakuta nina mbele mbili za kushoto. Kwapa upande mmoja, shingo upande mmoja, zote mbili. Kipande cha pili lazima kiwe kama cha kwanza kinavyoonekana kwenye kioo: ulipopunguza mwanzoni mwa mstari, cha pili unapunguza mwishoni. Na upunguzaji wenyewe unalala. Ukifuma stichi mbili kwa pamoja kwa kawaida, zinaegemea kulia. Ukitaka ziegemee kushoto, unazihamisha mbili moja moja bila kuzifuma, kisha unazifuma pamoja kwa kupitia nyuma. Tumia namna moja upande mmoja, nyingine upande wa pili, la sivyo kwapa zitaonekana kama za masweta mawili tofauti. Wanaotumia mashine hawana taabu hii ya kuegemea, lakini kosa la mbele mbili za kushoto wanalo sana, kwa sababu mkono umeshazoea kuanzia upande uleule. Siku hizi naandika K (kulia) na S (kushoto) kwenye kipande cha karatasi na kukifunga na uzi kwenye kazi.

Msuko wa mwalimu ndio ulionikalisha usiku. Ulikaa katikati kabisa, palepale panapofunguka. Kuupasua katikati haiwezekani, maana msuko uliokatwa nusu ni kamba tu isiyo na maana. Ningeweza kuufuta, lakini ndio aliouona akaipenda pateni. Nikautengeneza upya: misuko miwili myembamba ya stichi 6, kila mmoja stichi chache kutoka kwenye mkanda, wa kulia unapinda kulia na wa kushoto unapinda kushoto. Msuko hula upana, unavuta kitambaa kiwe chembamba, kwa hiyo usibuni. Fuma sampuli yenye msuko ndani yake na uipime kwa futi. Sampuli ioshwe pia, ikauke, ndipo ipimwe. Najua huku juu maji ni ya kuhesabu, lakini nusu kikombe inatosha sampuli, na uzi wa akriliki ulioshwa hulegea kuliko ulivyokuwa mkononi.

Mkanda. Hapa ndipo sweta zuri linapoharibikia, naomba twende polepole.

Mimi hushona mabega na kufuma ribu (ukingo wa mifereji unaovutika) ya shingo kwanza, halafu ndiyo nije kwenye mkanda, ili mkanda upande hadi juu ya shingo. Urefu wa mbele ya mwalimu, pamoja na ribu ya shingo, ulikuwa sentimita 50. Hiyo ni mistari 140. Ukiokota stichi moja kwa kila mstari utapata stichi 140, na mkanda utakuwa mrefu kuliko sweta, utapiga mawimbi. Stichi ni pana kuliko mstari ulivyo mrefu. Kanuni ninayoitumia kwa kipimo kama hiki ni kuokota stichi 3 kwa kila mistari 4: okota, okota, okota, ruka. Kwa 140 inakuja 105. Ribu ya mbili mbili inataka idadi inayogawanyika kwa 4 kisha ziongezwe 2, ili ncha zote mbili zimalizike sawa, basi nikaokota 106. Kama mkanda wako unavuta sweta juu na kulikunja, umeokota chache. Kama unaning'inia, umeokota nyingi. Fumua. Ni mistari 8 tu, hakuna atakayekufa.

Anza na mkanda usio na matundu. Uumalize, upange vifungo juu yake, uone vinavyokaa, kisha ndiyo uhesabu matundu ya upande wa pili. Kwa mwanamke matundu yanakaa upande wake wa kulia, kwa mwanamume kushoto. Kwa stichi 106 na vifungo 7, nilifuma 4, nikafunga 2, halafu mara sita: fuma 14, funga 2, mwisho zikabaki 4. Jumlisha mwenyewe uone. Kwa kuwa 14 na 2 ni 16, na 16 inagawanyika kwa 4, matundu yote yameangukia mahali palepale kwenye mpangilio wa ribu, hayarukiruki. Matundu yanafumwa mstari wa 4, na mstari wa 5 unarudishia zile 2 ulizozifunga. Nunua vifungo kabla ya kufuma matundu. Tundu la stichi 2 ni kama sentimita 1, linavutika kupitisha kifungo kikubwa kidogo kuliko hapo, lakini lile kubwa la koti halitapita hata ukiomba.

Jambo jingine ambalo pateni ya sweta la kichwani haiwezi kukwambia: sweta lililozibwa mbele linajibeba lenyewe, mbele na mgongo vimeshikana. Likifunguliwa, uzito wa mikanda na vifungo unaning'inia kwenye shingo ya nyuma na mabega, na baada ya miezi miwili mabega yanakuwa yameteremka. Mimi hupitisha mnyororo wa kroshia kwa ndani kutoka bega hadi bega kupitia shingo ya nyuma, umekazwa kidogo. Wengine hushonea utepe. Na chagua saizi kubwa ya pateni kama mteja atalivalia juu ya shati na koti la kazi.

Zipo pateni zinazofumwa kwa mzunguko, bila mshono. Hizo ukizifungua mbele unakuwa unakwenda na kurudi, na mkono wa wengi hulegea kwenye mstari wa mgongo, ule wa kurudi unaofumwa kwa upande wa ndani. Sampuli nayo ifumwe kwa kwenda na kurudi. Kama kuna mchoro wa maua, mstari wa uso unasomwa kulia kwenda kushoto, wa mgongo unasomwa kinyume.

Wafumaji wa visiwa vya Shetland, kaskazini mwa Scotland, wana ujasiri wao: wanafuma mviringo hadi mwisho, wanaacha stichi za ziada katikati, kisha wanachukua mkasi na kukata. Wanaweza kwa sababu uzi wao ni sufu ya kondoo, nyuzi zake zinashikana. Akriliki tunayoipata sokoni inateleza. Wanaoniletea masweta ya mtumba niwapasulie mbele nawaambia nitapitisha cherehani kwanza, mistari miwili kila upande wa pale nitakapokata, na hata hivyo mkasi ukiingia huwa nashika pumzi. Hapo pia huwezi kutoa nafasi ya mkanda mapema, basi sweta linaongezeka upana. Likiwa lilikubana, ni faida.

Sweta hili la vifungo huitwa kadigani, na jina hilo, kama hukulijua, lilitokana na afisa wa jeshi la Uingereza, Lord Cardigan, yule aliyeongoza wapanda farasi pale Balaclava mwaka 1854 katika vita vya Crimea. Ajabu ni kwamba balaklava, ile kofia ya kuziba uso, imepata jina mahali palepale, na mkono wa raglani, ule unaoanzia shingoni, umepata jina kwa Lord Raglan, kamanda wake kwenye vita hivyohivyo. Baridi ya huko haikuwa na mchezo.

Mwalimu alikuja kulijaribu wiki ya pili ya Julai. Alifungua, akafunga, akafungua, mtandio haukusogea. Akauliza kwa nini kifungo cha juu kabisa kiko karibu hivyo na koo, nikamwambia hicho cha juu si lazima afunge, asubuhi ya ukungu atanishukuru. Tukaelewana kwamba nusu ya fedha atalipa korosho za mumewe zikiuzwa. Nusu nyingine ililipia uzi wa mteja anayefuata, mama mwenye mapacha anayetaka mawili ya vifungo, madogo, yasiyofanana rangi ili asiwachanganye.