Betri ya mAh 9900 haipo: dhana potofu kuhusu betri na chaja za kuzamia

"Nipe ile ya elfu tisa mia tisa." Kila kiangazi, watu wanapoanza kuteremka Kyela kuelekea Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na kamera na tochi zao za kuzamia, ombi ni hilohilo. Tochi ilififia katikati ya mbizi ya usiku, basi wanataka betri yenye namba kubwa zaidi ya mAh (miliampea-saa, kipimo cha chaji ambayo betri inabeba). Namba hiyo ndiyo iliyowazimia tochi.

Betri ya tochi hizo, ya lithiamu iitwayo 18650, ni mkebe wa chuma wenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Ndani kuna utepe wa shaba na alumini uliopakwa kemikali na kuviringishwa, na nafasi ni ileile kwa kila kiwanda duniani. Viwanda vya kuaminika vilikaa miaka mingi kwenye mAh 3500, na zile mpya kabisa zinazunguka 4000. Gamba lililoandikwa 6800, 9900 au 12000 linadanganya, na hapo hakuna mjadala. Ukizipima, nyingi hazifiki hata 1500.

Kuthibitisha hakuhitaji maabara. 18650 halisi ina gramu 45 hadi 50. Mkoani Mbeya mizani ya gramu haikosekani, kuanzia kwa sonara hadi kwa wanunuzi wa dhahabu kule Chunya, ambako wachimbaji nao wanauziwa betri hizohizo kwa tochi za kichwani. Weka betri juu ya mizani. Ikisoma 30 au 35, rudisha: ndani kuna betri ndogo, na nafasi iliyobaki ni tupu. Ikisoma 46 usifurahi bado. Wengine hujaza unga kuongeza uzito, na wengine hutoa betri chakavu kwenye kompyuta mpakato ya zamani na kuivalisha gamba jipya.

Kwa hizo unahitaji chaja yenye kipimo. Jaza betri hadi volti 4.2, iache ipumzike saa moja, kisha chagua hali ya kutoa chaji kwa ampea 0.5 au 1 na uisubiri ifike mwisho, karibu volti 3. Namba itakayobaki kwenye kioo ndiyo mAh ulizonunua. Angalia pia ukinzani wa ndani, yaani jinsi betri yenyewe inavyozuia umeme kupita. Betri nzuri husoma miliomu 20 hadi 60; ikipita 150, ipe kazi ya redio, siyo ya tochi ya kuzamia.

Fanya hesabu uone kwa nini jambo hili linauma. Tochi ya lumeni 1000 inayotumia betri moja huvuta karibu ampea 3. Betri ya kweli ya 3500 inakupa saa moja na dakika chache. Ya 1200 ingekupa dakika 24 kwenye karatasi, lakini ukinzani wake unaangusha volti mara tu unapowasha, na mwanga unaanza kuwa wa njano ukiwa bado unatafuta mbuna, wale samaki wadogo wa ziwani, katikati ya mawe. Bora betri mbili za 3000 zilizopimwa kuliko kumi za 9900. Na anayetaka muda zaidi anunue tochi ya 21700, mkebe mpana zaidi unaobeba mAh 5000 kihalali.

Kabla ya kuondoka dukani pima na urefu. Betri yenye mzunguko wa kinga (kisahani cha elektroniki kinachoilinda) huwa na milimita 68 hadi 70. Kama tochi ilitengenezwa kwa 65, kifuniko hakitafika mwisho wa nyuzi zake na oringi, pete ya mpira inayozuia maji, haitakaa kwenye mfereji wake. Usikaze kwa nguvu ukidhani kitakubali. Maji yataingia.

Kosa la pili kwa wingi liko kwenye flashi za kamera: "Betri za kuchaji za AA ni dhaifu, zina volti 1.2 tu." Alkalini, zile za kutupa zikiisha, huanza na 1.5, ni kweli, lakini flashi inapovuta ampea kadhaa kujijaza, alkalini huporomoka chini ya 1.2 haraka. Betri ya nikeli, NiMH, ina ukinzani mdogo, hivyo inashikilia volti zake karibu mpaka mwisho na flashi hujaa upesi zaidi kati ya picha na picha. Chukua zile zinazotunza chaji, za mAh 1900 hadi 2000, kama Eneloop za kawaida. Za 2500 hubeba zaidi lakini huchakaa baada ya kuchajiwa mara chache zaidi. Zipe namba kwa wino, nne nne, na zikae pamoja maisha yao yote. Na tafadhali, betri ya lithiamu ya 14500 ina umbo la AA, lakini si AA. Nne zikijaa zina volti 16.8 mahali ambapo flashi inategemea 5.6 hivi. Flashi inaungua siku hiyohiyo.

Linalotisha zaidi ni hili: "Tochi ikifungwa kabisa, hewa isitoke wala kuingia, ndiyo salama." Betri za alkalini na NiMH zinaweza kutoa hidrojeni. Ukichanganya mpya na ya zamani, ile dhaifu huisha kwanza, nyingine zinaendelea kusukuma umeme ndani yake kinyumenyume, na gesi hutoka kwa wingi. Ndani ya tochi iliyofungwa gesi hiyo haina pa kwenda. Kifuniko kinaweza kuruka kama risasi, na cheche moja ya swichi inatosha kuilipua. Kwa hiyo usichanganye betri kamwe, usiache tochi ikiwaka mpaka ife kabisa, zitoe betri baada ya mbizi, na usizichaji zikiwa ndani ya tochi iliyofungwa. Unapofungua, elekeza kifuniko mbali na uso wako na wa mtu mwingine.

Safari ya milimani nayo ina sehemu yake. Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500 juu ya usawa wa bahari, Mbeya mjini karibu 1700. Tochi iliyofungwa ziwani ikipandishwa Tukuyu hadi Mbeya, hewa ya ndani inasukuma kifuniko nje. Iliyofungwa Mbeya na kushushwa inakuwa ngumu kufungua. Safirisha ikiwa kifuniko kimelegezwa. Hilo pia linazuia tochi kujiwasha ndani ya begi, ambako hakuna maji ya kuipoza. (Na mzamiaji mwenyewe asipande mlima huo mara tu baada ya kutoka majini. Angalau saa 12 baada ya mbizi moja, 18 baada ya mbizi nyingi.)

"Betri mpya ichajiwe saa 12 kwanza, kisha iishe kabisa." Hiyo ilikuwa ya betri za kadmiamu. Lithiamu inaharibika ikishushwa chini ya volti 2.5. Iliyokaa chini ya 2 usiifufue. Ya akiba itunze ikiwa nusu, volti 3.7 au 3.8.

"Iweke kwenye friji." Ubaridi wa Mbeya unatosha, friji inaongeza unyevu. Kinachoua betri ni dashibodi ya gari lililoegeshwa juani Kyela.

"Chaja ni chaja." Hapana. Lithiamu inahitaji chaja inayokoma kwenye 4.2. NiMH inahitaji inayotambua volti zinaposhuka kidogo betri ikijaa, na ukichaji AA ya 2000 polepole mno, kwa miliampea 200, chaja ya namna hiyo inaweza isione dalili hiyo na ikaendelea kupika betri. Tumia 500 hadi 1000. Nunua yenye nafasi nne zinazojitegemea, siyo inayochaji mbili mbili, na yenye kuingiza volti 5 za USB au 12, ili Matema uweze kutumia pawabenki au betri ya sola. Umeme ukikatika, ichomoe. Irudishe dakika chache baada ya umeme kurudi.

"Imeingia maji lakini imekauka, inachaji vizuri." Betri ya lithiamu iliyolowa ndani ya tochi haichajiwi tena, hata kama mita inaonyesha volti nzuri. Ya maji ya ziwa huoza taratibu kuliko ya chumvi, na hapo ndipo watu wanapodanganyika, maana mzunguko wa kinga chini ya gamba umeshaanza kuliwa na kutu. Itoe, bandika utepe wa karatasi wenye gundi kwenye ncha zote mbili, iweke nje juu ya mchanga mkavu, mbali na hema na nyasi, mpaka kesho yake. Usiipandishe kwenye basi la Mbeya ikiwa bado ya moto.