Gari imekataa kuwaka asubuhi? Usikimbilie kununua betri

Mimi ni fundi umeme wa magari, nipo Dar, na simu nyingi ninazopokea kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi zinaanza na maneno yaleyale, "fundi gari haiwaki, niletee betri". Yaani mtu ameshajipima na kujiandikia dawa kabla sijauliza dalili. Swali langu la kwanza huwa moja tu, ukipiga stata inalia vipi? Wengine wanaona nawachelewesha kazini, lakini jibu liko hapohapo, maana gari iliyo kimya kabisa, inayolia tik-tik-tik-tik mfululizo, inayolia "ko!" mara moja ikanyamaza, na ile inayozungusha injini vizuri ila haishiki, hayo ni magonjwa manne tofauti, na betri mpya inatibu moja, tena siyo kila mara.

Kuna dada mmoja wa Tabata ana Toyota IST, alikuwa kwenye betri ya pili ndani ya miezi mitano. Ile ya kwanza aliambiwa imekufa, akaiacha dukani kwa bei ya chakavu. Ya pili nayo ikaanza hivyohivyo, asubuhi stata inazunguka kwa kujivuta, siku nyingine haizunguki kabisa, taa za dashbodi zinawaka vizuri, redio inaimba. Alinipigia akiwa na watoto wa shule ndani ya gari, sauti tu ilikuwa inaonyesha amechoka.

Nikaweka mita ya umeme kwenye betri ikasoma volti 12.6, hiyo imejaa (ikisoma 12.2 ujue ni nusu, chini ya 12 imekwisha). Nikamwambia dada piga stata, mita ikashuka mpaka 11.8 tu na injini ikagoma kuzunguka. Hapo ndo pa kutulia, kwa sababu betri mbovu kweli ukipiga stata inaporomoka chini ya 9 na nusu hivi, sasa hii haijaporomoka, maana yake umeme upo ila unakwama njiani. Nikahamisha waya, ule mweusi wa mita nikaugusisha kwenye nguzo ya hasi ya betri, ile nguzo yenyewe ya risasi siyo kibano chake, mwekundu nikauweka kwenye chuma cha injini, nikamwambia piga tena. Mita ikasoma 4.1! Hapo kawaida haitakiwi kuzidi nusu volti, gari ikiwa safi utaona 0.2 hivi. Volti nne nzima zilikuwa zinaliwa kwenye waya wa ethi, ule wa hasi unaorudisha umeme kwenye betri.

Nikafuata ule waya mpaka pale ulipofungwa kwenye bodi, nikafungua bolti, chini yake unga wa kijani na kutu imetafuna mpaka chuma kimekuwa na vishimo. Nikapiga msasa pande zote mbili mpaka pang'ae, nikarudisha, nikakaza, nikapaka grisi kwa juu. Tukapima tena, 0.15, stata ikazunguka na gari ikawaka hapohapo. Betri mbili zilinunuliwa kwa ajili ya bolti moja yenye kutu, na hili linaniuma sana kwa sababu mita ya kupimia haifiki hata robo ya bei ya betri moja.

Kama unajiuliza iweje taa ziwake vizuri halafu stata igome, ni suala la ampea. Redio na taa za ndani zinakula ampea chache tu, stata inadai zaidi ya 100 kwa mkupuo, kwa hiyo kizuizi kidogo sana kwenye waya, kama 0.03 ya omu ambayo mita ya kawaida haiwezi hata kuionyesha vizuri, kwa ampea 130 kinakula volti 4 zote hizo. Ndo maana ukipima waya gari ikiwa imelala unaambiwa uko sawa, lazima upime stata ikiwa inadai. Na huku kwetu pwani hewa ina chumvi, vichwa vya betri vinaota ule unga mweupe haraka mno, mimi navimwagia maji ya moto, nasugua, nakausha, naweka grisi, kazi ya dakika kumi.

Sasa zile sauti nyingine. Tik-tik ya mfululizo ndiyo mara nyingi betri kweli imeishiwa au kibano kimelegea, pale juu ya stata kuna sumaku, inavuta, stata inadai umeme, volti zinaanguka, sumaku inaachia, volti zinapanda, inavuta tena, ndo hiyo ngoma unayoisikia. Kabla hujamlaumu muuza betri shika vibano kwa mkono uvizungushe, kikicheza umeshapata mchawi. Kama vimekaza na betri inaisha kila ukilaza gari siku mbili, tafuta kitu kinachokunywa chaji usiku, nakutana sana na alamu na redio zilizofungwa hovyohovyo. Gari ikilala inatakiwa itumie chini ya 0.05 ya ampea, ikila nusu ampea tu kwa siku ni 12Ah (ampea mara saa), na betri ya gari ndogo ni 35Ah hivi, piga hesabu mwenyewe.

"Ko!" moja na betri iko vizuri, kwenye Toyota zetu hizi za stata ya Denso mimi nawaza kwanza vile vipande viwili vya shaba ndani ya stata, vinalika taratibu kwa miaka mpaka siku haviguswi sawasawa, ndo unakuta ukipiga mara sita ya saba inakubali. Vinauzwa vyenyewe na vinabadilishwa, usikubali kupelekwa moja kwa moja Gerezani, kule kwenye maduka ya spea hapa Dar, kununua stata nzima iliyotumika ambayo shaba zake hujui zimebaki kiasi gani.

Ikiwa kimya kabisa na ni otomatiki, weka N ujaribu, swichi ya kwenye gia ikichoka inadhani hauko P. Ya kubonyeza batani, kanyaga breki uangalie kama taa za nyuma zinawaka, halafu gusisha funguo kwenye batani yenyewe, kibetri cha funguo kinaweza kuwa kimeisha.

Inayozunguka bila kushika ni mafuta au moto wa plagi, au taa yenye alama ya funguo inawakawaka maana gari haijaitambua funguo. Hapa niseme kitu kimoja, wengi mmefundishwa kuweka swichi ON na kusikiliza pampu ya mafuta inavuma, kwa Toyota nyingi za miaka ya nyuma pampu haivumi mpaka upige stata, nimeshakuta pampu nzima imetolewa kwenye tangi kwa kosa hilo. Ila ukiwa na tabia ya kutembelea taa ya mafuta kila siku, hiyo pampu utaiua kweli, inapozwa na petroli yenyewe.

Kuna mafundi bado wanachomoa kibano cha betri gari ikiwa inaunguruma eti wanapima altaneta, ile inayochaji betri. Jamani mkatalie, hata kama ni mzee unamheshimu. Betri ikitoka volti zinaruka ghafla na kinachoungua ni kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari. Altaneta inapimwa kwa mita, gari ikiwaka usome 13.8 mpaka 14.4, basi. Na kubusti kwa betri ya gari nyingine, waya nyekundu anza kwenye betri iliyokufa, nyekundu nyingine nzima, nyeusi kwenye nzima, ya mwisho kabisa nyeusi kwenye chuma cha injini ya gari iliyokufa, mbali na betri, kwa sababu ile cheche ya mwisho hutaki itokee juu ya gesi inayotoka kwenye betri. Otomatiki usisukume, mtachoka bure.

La mwisho ni la masika, kama gari imezimika ndani ya maji pale bonde la Jangwani hapa Dar au popote, usipige stata hata mara moja! Maji hayabanwi kama hewa, pistoni ikikutana nayo konrodi, ule mkono unaoishika pistoni, inapinda na hapo unaongelea injini nyingine. Vuta gari mpaka pakavu, chomoa fyuzi ya EFI (mfumo wa kuingiza petroli kwenye injini), toa plagi zote, ndo uzungushe stata kidogo, maji yatarukia juu kupitia matundu ya plagi kwa hiyo usiinamishe uso pale. Kisha chomoa kijiti cha oili uangalie, ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa mwaga yote ubadilishe na filta yake kabla hujajaribu kuwasha.