Miji Mikubwa Haitoshi Kuifanya Nigeria Dola Kuu

Kila muhula wanafunzi wangu wa uchumi wa miji huniletea hoja ileile, na siku hizi hata maofisa wa mipango wanaokuja kutaka ushauri wanairudia: kwamba kwa kuwa miji ya Nigeria inakua kwa kasi kama ilivyokua ya China, basi Nigeria nayo iko njiani kuwa dola kuu. Hoja hii imenichosha, kwa sababu inawafanya wenye mamlaka wakae wakisubiri matokeo ambayo hayaji yenyewe.

Dhana: Watu wakishahamia mjini, nguvu ya taifa hufuata.

China ilifikisha nusu ya watu wake mijini mwaka 2011. Nigeria ilifika hapo mwishoni mwa muongo huohuo. Lakini China ilipofikia nusu hiyo ilikuwa imeshaipita Japani na kuwa uchumi wa pili duniani, ilhali Nigeria ilikuwa ikiuza nje mafuta ghafi na kuagiza petroli iliyosafishwa kwingine. Wanaonibishia husahau kuuliza watu walifuata nini mjini. China ilianzia shambani: baada ya 1978 kaya za wakulima zilikabidhiwa ardhi zilime kwa hesabu yao, mavuno yakaongezeka, viwanda vidogo vikachipuka vijijini, na Shenzhen, iliyofanywa eneo maalumu la kiuchumi mwaka 1980, ikawavuta mamilioni kwa kazi za viwandani. Nigeria, fedha za mafuta zilipomiminika miaka ya 1970, sarafu yake, naira, ilipanda thamani, bidhaa za nje zikawa nafuu kuliko za ndani, kilimo kikaachwa, na yale mapiramidi ya magunia ya karanga yaliyokuwa fahari ya mji wa Kano yakatoweka. Watu wakahamia pale fedha ya mafuta ilipokuwa ikitumiwa, wakaishia kwenye uchuuzi, ulinzi na udereva.

Anayetaka kuona tofauti hiyo kwa macho na aingie Computer Village, soko la simu na kompyuta pale Ikeja, Lagos. Vijana wanafungua simu, wanabadilisha vioo na kulehemu nyaya nyembamba kama unywele kwa ustadi ambao kiwanda chochote kingeutamani. Lakini simu na kioo chake vimetoka China, na umeme mara nyingi unatoka kwenye jenereta inayonguruma mlangoni. Gridi ya taifa kwa kawaida hugawa megawati kati ya 4,000 na 5,000 kwa watu zaidi ya milioni 200, na hakuna kiwanda kinachoweza kushindana na cha China kwa umeme wa jenereta. Kwa hiyo kila ofisa anayeniuliza aanze na barabara ya juu au na mji mpya, namjibu aanze na umeme.

Dhana: Wingi wa watu ni nguvu tosha.

India ilikuwa na mamia ya mamilioni ya watu ikiwa bado koloni la Uingereza.

Dhana: Basi dawa ni kuwazuia watu wasiingie mjini.

Hili nalo nalisikia, hasa kwa wanaochukizwa na vibanda. Julai 1990 serikali ya kijeshi ya Jimbo la Lagos ilibomoa mtaa wa Maroko na kuwaacha watu wapatao 300,000 bila makao. Lagos haikuacha kukua, na wengi wa waliofukuzwa walikwenda kujibanza kwenye mitaa mingine ya mji huohuo, wakiwa maskini zaidi.

Dhana: Nchi iliyoanza maskini haiwezi kamwe kufika.

Mwaka 1978 pato la wastani la Mchina lilikuwa dogo kuliko la Mnigeria, kwa hiyo umaskini wa mwanzo si hukumu. Mtaji wa ndani nao upo: kiwanda cha kusafisha mafuta cha Dangote huko Lekki, kilichozinduliwa Mei 2023, kimejengwa kiweze kusafisha mapipa 650,000 kwa siku. Hata hivyo, kiwanda hicho kimelazimika kujijengea mitambo yake chenyewe ya kuzalisha umeme, gharama ambayo tajiri mkubwa anaweza kuibeba, lakini mwenye karakana ya viatu kule mjini Aba hawezi.