Je, wajua kwa nini aliyejaza kodi mwisho Marekani anaweza kupata marejesho kwanza?

Kila mwaka ikifika mwisho wa Januari, makundi ya WhatsApp ya Wakenya wa Minnesota, Watanzania wa Texas na Wakongo wa Kentucky na Ohio huwa na swali moja tu: "Umeshapata?" Hakuna anayeuliza kupata nini. Ni marejesho ya kodi, na malalamiko hufanana mwaka hadi mwaka. Mama mwenye watoto wanne alituma ritani yake, yaani fomu ya mapato na kodi ya mwaka, siku ile ile IRS, mamlaka ya mapato ya Marekani, ilipofungua msimu wa kuzipokea, na mpaka katikati ya Februari hajaona hata senti. Kijana asiye na mke wala mtoto alijivuta, akatuma wiki moja baadaye, na zake zimeshaingia na kutumika. Wapo wanaosema ni bahati, wapo wanaosema ni ubaguzi. Ni sheria, tena ya juzi juzi tu.

Kwanza tujue pesa zenyewe zinatoka wapi. Tangu 1943, mwajiri Marekani hukata kodi ya mapato kwenye kila mshahara na kuipeleka serikalini. Makato hayo ni makisio, yanafuata maelezo uliyoandika kwenye fomu W-4 ulipoajiriwa. Mwaka ukiisha unajaza ritani, hesabu halisi inapigwa, na ukiwa ulikatwa kupita kiasi unarudishiwa. Kwa aliyetoka Tanzania, ambako mfanyakazi mwenye mwajiri mmoja hukatwa PAYE na mambo yakaishia hapo, hili ni jambo geni. Mkenya aliyezoea iTax na tarehe 30 Juni analielewa nusu, maana kwao wengi hujaza ritani kukwepa faini kuliko kutazamia kurudishiwa kitu.

Lakini kuna fungu la pili, na ndilo lenye kisa. Tangu 1975 Marekani ina nafuu ya kodi kwa wafanyakazi wa kipato kidogo, iitwayo kwa kifupi EITC, na baadaye ikaongezwa nafuu ya watoto, ambayo sehemu yake inayolipwa taslimu huitwa ACTC. Nafuu hizi hulipwa hata kama makato yako ya mwaka mzima hayakufika kiasi hicho. Kwa mwaka wa kodi wa 2024, mfanyakazi mwenye watoto watatu au zaidi aliweza kupata hadi dola 7,830 za EITC peke yake. Kwa familia inayoishi kwa mshahara wa kiwanda cha nyama au wa kutunza wazee, hiyo ni pesa ya miezi kadhaa.

Wezi nao waliiona. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 wizi wa marejesho ulishamiri, na njia yake ilikuwa rahisi mno. Unapata jina la mtu na nambari yake ya Social Security, ile inayomtambulisha kazini na kwenye kodi, hata ya marehemu, unabuni fomu W-2 inayoonyesha mshahara na makato, unatuma ritani mapema kabla mwenyewe hajatuma, na IRS inakulipa. Ilikuwaje ikalipa bila kugundua? Kwa sababu nakala za W-2 kutoka kwa waajiri, zile za kweli, ziliruhusiwa kufika serikalini hadi mwisho wa Machi kwa waliozituma kwa kompyuta. Pesa zilitoka Februari, ushahidi ukaja masika. Kwa makadirio ya IRS yenyewe, mwaka 2013 ilizuia dola bilioni 24.2 za wizi wa namna hii na kulipa bilioni 5.8 zilizoponyoka.

Desemba 2015 Bunge la Marekani likapitisha sheria iitwayo PATH, na kuanzia msimu wa 2017 mambo mawili yakabadilika. Waajiri walitakiwa kuwasilisha W-2 kufikia Januari 31. Na IRS ilikatazwa kulipa kabla ya Februari 15 marejesho yoyote yenye EITC au ACTC ndani yake. Neno "yoyote" lina uzito hapa: kinachozuiwa si ile nafuu tu, ni marejesho yote, pamoja na makato yaliyotoka jasho lako mwenyewe. Ndiyo maana kijana asiye na mtoto anampita mama wa watoto wanne. Ritani yake haina cha kushikiliwa.

Wiki zile mbili zinaipa IRS nafasi ya kulinganisha ulichoandika wewe na alichoandika mwajiri. Nia ni nzuri, siibishii. Ila sheria ilimlenga mwizi, na anayekaa foleni ni yule mwenye kipato cha chini kabisa, msimu ambao bili za kupasha joto nyumba ziko juu. Tena Februari 15 si siku ya kulipwa. Ni siku ambayo mlango unafunguliwa. Baada ya hapo kuna kuchakata, kuna sikukuu ya marais, kuna benki. IRS yenyewe huwaambia watu wa kundi hili watazamie pesa mwanzoni mwa Machi, kama hakuna tatizo jingine.

Hilo tatizo jingine ndilo huwatesa waliovuka Machi. IRS husema marejesho mengi ya ritani zilizotumwa kwa kompyuta hulipwa ndani ya siku 21, na watu wameishika hiyo 21 kama ahadi. Si ahadi. Kipimo kilicho karibu zaidi na ahadi ni riba: wakikuchelewesha zaidi ya siku 45, wanakulipa riba, ambayo mwaka 2025 ilikuwa asilimia 7. Sasa tazama ujanja wake. Kwa aliyejaza mapema, siku hizo 45 hazianzi siku aliyotuma ritani, zinaanza tarehe ya mwisho ya kujaza, yaani Aprili 15. Ukituma Februari mosi na wakakulipa Mei 25, kisheria hawajakuchelewesha hata siku moja. Na ukilipwa riba, nayo ni kipato. Mwakani utaitolea kodi.

Katika jamii zetu, kikwazo ninachokiona kinarudi kila mwaka ni majina. Mtu wa pwani au wa bara huja na majina matatu: lake, la baba, la babu. Kwenye kadi ya Social Security la mwisho limeandikwa la babu, kazini wakamsajili kwa la baba, na aliyemjazia ritani akafuata W-2. Kompyuta ya IRS hulinganisha nambari yako na herufi nne za mwanzo za jina la ukoo. Zisipolingana, ritani inarudishwa bila kupokelewa. Hapa wengi hupotea, maana ritani iliyokataliwa ni sawa na ambayo haijatumwa. Mtu anahesabu siku 21, anahesabu miezi miwili, kumbe ujumbe wa kukataliwa uliishia kwenye simu ya aliyemjazia. Mtakeni huyo mtu awape uthibitisho kwamba ritani imepokelewa, si kwamba imetumwa tu.

Yanafanana na hayo mambo ya mtoto mmoja kudaiwa na watu wawili. Shangazi aliyekaa na mpwa wake tangu Agosti anamwandika, baba naye anamwandika. Wa kwanza kutuma anapita, wa pili anakataliwa. Tangu msimu wa 2025 wa pili anaweza kutuma kwa kompyuta akiwa na namba ya siri ya IRS inayoitwa IP PIN, lakini baadaye wote wawili wanaweza kuandikiwa barua, na mzozo wa ukoo ukahamia serikalini. Afadhali yamalizwe sebuleni mwezi wa Januari.

Kisha kuna barua ya kuthibitisha utambulisho. Ritani ikionekana ya kutiliwa shaka, IRS huisimamisha na kutuma barua yenye namba kama 5071C au 4883C pembeni, ikikutaka uthibitishe kwamba ni wewe, kwa mtandao, kwa simu au kwa kwenda ofisini. Mpaka ufanye hivyo hakuna kinachosogea. Ukishathibitisha inaweza kuchukua hadi wiki tisa nyingine. Barua hiyo huenda kwenye anwani uliyoandika kwenye ritani, na watu wetu huhama sana. Wengi wameisubiri pesa miezi wakati barua imelala kwenye sanduku la nyumba ya zamani. Ujumbe wa simu au wa WhatsApp unaokutaka ubonyeze kiungo "upokee marejesho yako" hautoki huko. Ufute.

Ritani za karatasi ni dunia nyingine. Mwenza wako akiwa hana nambari ya Social Security, maombi yake ya ITIN, nambari ya kodi kwa asiye na ile ya Social Security, kwa kawaida huambatanishwa na ritani ya karatasi, na huko kuna binadamu anayeingiza tarakimu moja baada ya nyingine. Janga la korona liliwaonyesha watu wote jinsi njia hiyo ilivyo nyembamba. Vituo vilifungwa mwaka 2020, barua zikarundikana, na msimu wa 2021 ulipomalizika kulikuwa na ritani zaidi ya milioni 35 zinazongoja kushughulikiwa kwa mkono. Siku hizi hali ni bora, ila karatasi bado ni karatasi.

Madeni hayahitaji maelezo mengi: matunzo ya mtoto yasiyolipwa, kodi ya jimbo, kodi ya zamani ya IRS, vyote vinaweza kukatwa juu kwa juu na ukapata kilichobaki pamoja na barua ya maelezo. Pia kuna aliyekujazia. Ukikubali ada yake ikatwe kwenye marejesho, mara nyingi pesa hupitia benki nyingine kwanza kabla ya kukufikia, na IRS itakuambia imeshalipa wakati wewe huoni kitu. Aliyekataa kuweka sahihi na namba yake kwenye ritani aliyokulipisha ni wa kukimbiwa. Kuna watu wa kujitolea wa mpango wa VITA wanaowajazia bure wenye kipato kidogo, na kwenye miji mikubwa si vigumu kuwapata.

Sasa ukiwa unasubiri, ufanye nini? Kwenye tovuti ya IRS kuna ukurasa unaoonyesha hatua tatu: ritani imepokelewa, marejesho yameidhinishwa, marejesho yametumwa. Unahitaji nambari yako, hali yako ya ndoa kama ilivyo kwenye ritani, na kiasi kamili cha dola unachodai. Taarifa hubadilika mara moja kwa siku, usiku, kwa hiyo kuifungua kila saa ni kuchosha kidole. Anayetaka kuona zaidi afungue akaunti yake ya IRS mtandaoni na asome rekodi ya mwaka husika. Humo kuna misimbo: 846 maana yake malipo yametolewa, na tarehe iko pembeni, 570 maana yake kuna kitu kimeyashikilia, 971 maana yake kuna barua imetumwa, kaitafute. Misimbo hiyo mitatu itakueleza mengi kuliko saa nzima ya muziki wa simu.

Kosa kubwa la mwenye haraka ni kutuma ritani ya pili akidhani ya kwanza imepotea. Kompyuta ikiona ritani mbili za mtu mmoja inashuku wizi, na hapo umejiongezea foleni. Kama imepokelewa, iache.

Wanaokuambia subira yavuta heri pengine hawadaiwi pango la nyumba. Ukiwa na ilani ya kufukuzwa au umeme unakaribia kukatwa, kuna ofisi huru ndani ya IRS, Taxpayer Advocate Service, iliyowekwa kwa ajili ya hali kama hizo. Unaiandikia kwa fomu 911 na kuambatanisha ushahidi: ilani yenyewe, bili yenyewe. Haina uwezo wa kuivuka Februari 15, lakini ritani iliyokwama baada ya hapo inaweza kuisukuma. Wachache wanajua pia kwamba ofisi ya mbunge wa eneo lao huwa na wafanyakazi wa kufuatilia mambo ya wakazi kwenye idara za serikali kuu. Unatia sahihi fomu ya kuwaruhusu waulize kwa niaba yako, na wanauliza.

Washauri wa fedha hupenda kusema dawa ya kungoja marejesho ni kurekebisha W-4 ili ukatwe kidogo na upate pesa yako kila mshahara. Kwa kijana wetu asiye na mtoto ni ushauri mzuri. Kwa mama wa watoto wanne hausaidii sana, kwa sababu sehemu kubwa ya anachongoja haikutoka kwenye makato. Zamani aliweza kuomba sehemu ya EITC iingie kwenye mshahara kupitia mwajiri, mpango uliofutwa mwisho wa 2010. Na kuanzia Julai hadi Desemba 2021 nusu ya nafuu ya watoto ilitumwa kila mwezi, dola 250 au 300 kwa mtoto, moja kwa moja benki. Januari 2022 haikuja tena.