Nani Kakuambia Uache Warfarini?

Kauli kuhusu warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ni ile ile kila mwaka: "Ukipata ujauzito tu, acha warfarini siku hiyo hiyo, inaharibu mtoto." Nimeikuta imeandikwa kwenye kadi za kliniki, nimeisikia kwa wauza dawa, kwa mawifi, na kwa wataalamu wenzangu waliopaswa kujua zaidi ya hapo.

Nusu yake ni kweli. Warfarini hupita kwenye kondo la nyuma na inaweza kumdhuru mtoto. Nusu isiyosemwa ndiyo inayoua. Mwanamke mwenye valvu ya chuma, yaani mlango wa bandia ndani ya moyo, akiacha warfarini bila kupewa dawa nyingine yenye nguvu ya kutosha, damu huganda juu ya valvu. Valvu ikikwama, mapafu yanajaa maji. Bonge likichomoka, linakwenda kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Na yule mtoto aliyekuwa analindwa hapo hana pa kuponea.

Nieleweke: naongelea valvu za chuma. Wengi wenye valvu hizi huku kwetu walianza na homa ya rumatiki utotoni, mitrali (valvu ya upande wa kushoto wa moyo) ikaharibika, wakafanyiwa upasuaji wakiwa bado wasichana: JKCI, taasisi ya moyo pale Muhimbili, Tenwek ya Kenya, Mulago ya Uganda, au India. Chuma huchaguliwa kwa sababu inadumu. Valvu ya tishu ya mnyama haihitaji warfarini maisha yote, lakini kwa msichana wa miaka 18 inachakaa mapema, mara nyingi ndani ya miaka 10 hadi 15, na kifua kinafunguliwa upya. Kwa hiyo swali la uzazi lilitakiwa kuulizwa kabla ya upasuaji wa kwanza. Mara nyingi haliulizwi, kwa kuwa mgonjwa ana miaka 14 na kila mtu chumbani anaona aibu kulitaja.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana ubishi wote umejificha humo.

Madhara ya warfarini kwenye maumbile ya mtoto, yaani pua bapa na mifupa isiyokua sawasawa, yanatokea hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12. Wiki hizo zinahesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Maana yake hedhi ikichelewa wiki mbili, tayari uko wiki ya 6. Ukisubiri miezi miwili "uhakikishe", dirisha limeshafungwa, na kuacha dawa wakati huo kunakuachia hatari tupu bila faida uliyoitafuta. Mwenye valvu ya chuma anayetafuta mtoto hapaswi kungoja dalili. Apime mkojo hedhi ikichelewa siku chache tu, na kipimo kikisoma ndiyo, ampigie daktari wake wa moyo siku hiyo huku akiendelea kumeza dawa mpaka aelekezwe. Siku chache za warfarini katika wiki ya 5 si janga. Siku chache bila kinga yoyote zinaweza kuwa.

Jambo la pili ambalo karibu hakuna anayeuliza ni dozi. Athari kwa mtoto zinategemea sana kiasi unachomeza. Mstari unaotumika ni miligramu 5 kwa siku: chini ya hapo hatari ya ulemavu ni ndogo, juu yake inapanda, na mimba kutoka kunaongezeka pia. Kama unameza 5 leo na 7.5 kesho, jumlisha wiki nzima. Ikizidi miligramu 35, umeshavuka mstari. Na tafadhali, usipunguze dozi ili ufike 5! Dozi inaamuliwa na INR, kipimo cha damu kinachoonyesha inachelewa kuganda kiasi gani, na INR inaamuliwa na valvu: kwa mitrali tunatafuta kati ya 2.5 na 3.5, kwa aota, valvu ya kutolea damu kwenda mwilini, kwa kawaida 2 hadi 3. Mwenye INR ya 1.6 kwa miligramu 4 hana kinga ya maana.

Hapa kuna jambo linalonikera kwenye miongozo tunayoisoma. Mstari wa miligramu 5 umetokana na tafiti ndogo, na watu wenye asili ya Afrika kwa wastani huhitaji warfarini nyingi zaidi kufikia INR ile ile. Kwa hiyo ile njia "rahisi" ya kubaki na dozi ndogo mwanzo mpaka mwisho, wanawake wengi wa kwetu haiwahusu. Wanabaki kwenye kundi gumu, la wanaohitaji zaidi ya miligramu 5.

Kundi hilo hushauriwa kuhamia heparini, dawa ya sindano ya kuzuia damu kuganda, kuanzia wiki ya 6 hadi ya 12, kisha kurudi kwenye warfarini mpaka wiki ya 36. Heparini haipiti kondo. Kwa mtoto ni salama. Kwa valvu je? Rejesta ya kimataifa ya ROPAC, ya wajawazito wenye ugonjwa wa moyo, ilichapisha mwaka 2015 matokeo ya wajawazito 212 wenye valvu za chuma. Asilimia 58 tu ndio waliopata mtoto hai bila tatizo lolote kubwa. Asilimia 1.4 ya akina mama walifariki. Valvu ziliganda kwa wanawake 10, na 5 kati yao ziliganda katika miezi mitatu ya kwanza. Wote 5 walikuwa wamehamishiwa heparini. Upande wa pili, waliobaki na warfarini miezi hiyo mimba zilitoka kwa asilimia 28.6, waliotumia heparini asilimia 9.2. Umeona mzani ulivyo? Warfarini inambeba mama, heparini inambeba mtoto, na hakuna jaribio kubwa la kulinganisha njia hizi kwa kugawa wagonjwa kwa bahati nasibu. Daktari anayekwambia kwa uhakika kamili kwamba njia yake ndiyo pekee sahihi, muulize ameitoa wapi hiyo imani.

Heparini yenyewe inavyotolewa ndipo mambo yanapoharibika zaidi. Enoksaparini, aina ya heparini mnayoijua zaidi kama Clexane, kwa valvu ya chuma huanzia miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito, mara mbili kwa siku, kila saa 12. Mama wa kilo 60 anachoma 60 asubuhi na 60 usiku. Ninachokikuta mara nyingi ni 40 mara moja kwa siku. Hiyo ni dozi ya kuzuia damu kuganda miguuni kwa mtu aliyelala wodini. Kwa valvu ya chuma ni sawa na kutochoma kabisa, isipokuwa sindano inakupa moyo kwamba unatibiwa, na hilo ndilo baya lake. Aspirini ya 75 peke yake nayo haizibi pengo hili. Wala hizi dawa mpya zisizohitaji INR: kwenye valvu ya chuma hazitumiki kabisa, ukiwa na mimba au huna.

Dozi hiyo haibaki palepale. Uzito unapanda, figo zinachuja haraka zaidi, na kilichotosha mwezi wa pili hakitoshi mwezi wa nne. Ndiyo maana kinatakiwa kipimo cha anti-Xa, kinachoonyesha nguvu ya enoksaparini kwenye damu, damu ichukuliwe saa 4 hadi 6 baada ya sindano, kila wiki, tukitafuta 0.8 hadi 1.2 kwa aota na 1.0 hadi 1.2 kwa mitrali. Maabara zinazopima anti-Xa kwetu ni za kuhesabu. Hata zikiwepo, valvu zimewahi kuganda kwa wanawake ambao namba zao zilikuwa nzuri, kwa sababu kiwango kinachopimwa ni cha kilele, na kabla ya sindano inayofuata kinaweza kuwa kimeshuka mno. Kama hospitali yako haina kipimo hicho, basi kuhamia enoksaparini ni kamari, na mama ana haki ya kuambiwa hivyo kwa maneno hayo hayo. Njia nyingine kwa wiki hizo ni heparini ya kawaida kwa dripu, ukiwa umelazwa, ukipimwa aPTT, kipimo cha muda wa damu kuganda. Inachosha na ina gharama, ila inapimika hata pasipo na anti-Xa.

Ukibaki na warfarini, INR ipimwe kila wiki au mbili. Mchicha, kisamvu na matembele usiviache, kula kiasi kile kile kila wiki. Kinachovuruga INR zaidi ya mboga ni dawa za kliniki ya wajawazito: metronidazo kwa ajili ya uchafu ukeni inaweza kuirusha INR hadi mtu akatokwa damu. Kila anayekuandikia dawa mwambie unameza warfarini, hata kama imeandikwa kwenye kadi. Hasa kama imeandikwa kwenye kadi, maana hawasomi.

Dalili za valvu kuganda: pumzi inabana ghafla, huwezi kulala chali, mdomo unapinda, mkono unakosa nguvu, au ule mlio wa tiki-tiki uliouzoea unafifia. Usiku huo huo, hospitali yenye eko, yaani ultrasaundi ya moyo. Usisubiri tarehe ya kliniki.

Wiki ya 36 warfarini inasimama tena, safari hii kwa sababu ya mtoto. Ini lake ni changa, hivyo damu yake inakuwa nyepesi kuliko ya mama na inachukua muda mrefu kurudi. Mama anahamishiwa enoksaparini, kisha dripu ya heparini angalau saa 36 kabla ya kujifungua kulikopangwa, na dripu inafungwa saa 4 hadi 6 kabla. Leba ikianza mama akiwa bado kwenye warfarini, mtoto atolewe kwa upasuaji: kichwa chake kikibanwa njiani kinaweza kuvuja damu ndani, na kumpa mama vitamini K hakumsaidii mtoto kwa haraka.

Hiyo ni mojawapo ya sababu chache za kweli za upasuaji. Ile imani ya pili, kwamba kila mgonjwa wa moyo lazima apasuliwe, nitaipitia haraka: si kweli. Wengi wanajifungua njia ya kawaida, wakiwa na dawa nzuri ya maumivu, wamelala ubavu, na hatua ya pili ya leba, ya kusukuma, ikifupishwa kwa vakyumu, kifaa cha kumvuta mtoto. Upasuaji una damu nyingi zaidi na maambukizi zaidi. Baada ya mtoto kutoka, oksitosini ya kukaza mji wa mimba iende kwa dripu ya polepole, isisukumwe yote kwenye mshipa kwa mpigo, na ergometrini, dawa nyingine ya kazi hiyo, isiguswe.

Kwa wasio na valvu ya chuma. Mitrali iliyokaza inadanganya kuliko zote, maana mtu anachota maji, anapanda ngazi, anajiona mzima. Ujauzito unaongeza damu mwilini kwa asilimia 40 hadi 50 na mapigo 10 hadi 20 kwa dakika. Damu inagombania tundu dogo kama abiria wa jioni kwenye mlango wa daladala, na mapigo yakienda mbio muda wa mlango kuwa wazi unapungua. Tundu likiwa chini ya sentimita moja ya mraba, lizibuliwe kwa puto au upasuaji kabla ya mimba. Kati ya 1 na 1.5 tunajadiliana, na mimi huegemea kuzibua. Mimba ikishatokea, kuna metoprolo ya kupunguza mapigo (si atenolo), furosemidi ya kutoa maji, kupumzika, na puto baada ya wiki ya 20 kama dawa zimeshindwa.

Presha ya mapafu, moyo unaosukuma chini ya asilimia 30, au moyo uliolegea baada ya uzazi uliopita na haujarudi sawasawa: hapa nasema usibebe mimba. Silipambi.

Kabla hujaacha uzazi wa mpango, basi: eko ya karibuni, siyo ya miaka mitatu iliyopita, wingi wa damu, meno yaangaliwe na yanayooza yatibiwe, vidonge vya foliki vianze. Dawa za moyo na presha kama enalapri, kaptopri, losatani na spironolaktoni zibadilishwe kwa mpango, na eko irudiwe baada ya kubadilisha ili tujue moyo umevumilia. Sindano ya penisilini ya kila wiki 3 au 4, ya kuzuia homa ya rumatiki isirudi, haiachwi, ni salama kwa mimba. Mwenye valvu mbaya sana anaweza kuhamishiwa ya vidonge. Na INR za miezi sita iliyopita ziletwe zote. Kama zimeruka-ruka kati ya 1.3 na 5 kabla ya mimba, zitaruka zaidi ndani yake.

Baada ya kujifungua ndugu wanataka mama aruhusiwe kesho yake. Hapana. Mji wa mimba ukijikunja unarudisha damu nyingi kwenye mzunguko, na saa 72 za kwanza ndipo mapafu hujaa maji kwa wanawake waliopita miezi tisa bila kukohoa. Heparini inarudi saa 4 hadi 6 baada ya kujifungua kama damu imekata, warfarini inafuata, na kunyonyesha kunaendelea kwani warfarini haiingii kwenye maziwa kwa kiasi cha maana. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni sahau, vinagandisha damu. Kitanzi cha shaba huongeza damu ya hedhi, na kwa mtu wa warfarini hedhi tayari ni nzito. Kijiti kinafaa, na kinaweza kuwekwa kabla hujatoka wodini.